Mintarafu ya Kuipima Pumzi ya Samaki

Suala ambalo wenye dini wamelizungumza tangu kale, na ambalo wenye elimu ya maumbile wamelirithi aghalabu bila ya kulikiri, ni hili: je, kiumbe hai kikipimwa pumzi zake, ikahesabiwa oksijeni yote kiivutayo na joto lote kilitoalo, huwa kimepimwa uhai wake, au huwa imepimwa athari tu ya jambo ambalo lenyewe limesitirika? Na pamoja na suala hilo liko la pili, ambalo kwangu mimi ni zito zaidi: mja aliyepewa akili ana ruhusa gani ya kumfungia kiumbe mwenziwe ndani ya chombo ili aijue siri ya pumzi zake, na ruhusa hiyo ikiwapo, adabu zake ni zipi?

Huenda msomaji akastaajabu kwamba habari za viumbe wa majini zaandikwa kutoka Mai Mahiu, mji wa malori na maduka ya barabarani ulio chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, zaidi ya kilomita 500 kutoka bandari ya Mombasa, mahali ambapo barabara iteremkayo kutoka Limuru hupita kando ya kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, kisha ikagawanyika, tawi moja likienda Naivasha na Nakuru na jingine likienda Narok. Lakini bonde hili, ambalo mgeni hulidhania kuwa ni nchi ya vumbi na ng'ombe peke yake, lina maji yake. Kaskazini yetu kuna Ziwa Naivasha, ambalo maji yake hunyweka, na mbele yake Elementaita na Nakuru, ambayo maji yao ni makali kwa chumvi za magadi. Na kusini, katika sakafu ya bonde hili hili, liko Ziwa Magadi lenyewe, ambamo anaishi samaki ambaye pumzi zake zimewashangaza wapimaji wa ulimwengu mzima.

Kabla ya kumfikia samaki huyo, yapasa tukumbuke jinsi wanadamu walivyochelewa kujua pumzi hufanya kazi gani. Aristotle alishika rai kwamba mnyama hupumua ili aupoze moto ulio moyoni mwake, na kwamba samaki, asiyekuwa na mapafu, hupozwa na maji yapitayo katika matamvua yake. Na rai hiyo ikakaa karne nyingi bila ya kupata mpinzani wa maana. Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefia Cairo mwaka 1288, alibainisha kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni ikakutana na hewa, ndipo ikarejea upande wa kushoto. Lakini ni nini hasa kilichotwaliwa katika hewa, na kwa kiasi gani, hayo hayakujulikana hadi Lavoisier, akishirikiana na Laplace, alipomtia simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu mjini Paris katika kipupwe cha mwaka 1782 kuingia 1783, akapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la yule mnyama, akailinganisha na hewa chafu aliyoitoa, na akahukumu kwamba kupumua ni kuungua, kuungua kwa taratibu kusiko na mwali. Tangu siku hiyo neno pumzi, lililokuwa mali ya washairi na wahubiri, likaingia katika daftari za hesabu.

Kupima pumzi ndani ya maji kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa maji ni bahili wa oksijeni: katika lita moja ya hewa mna oksijeni takriban mililita 210, hali katika lita moja ya maji ya nchi zetu za joto, hata yakishiba hewa, hazifiki 7. Mwaka 1888 Winkler wa Hungaria alivumbua njia ya kuikamata oksijeni iliyomo majini kwa chumvi za manganisi na iodini, akaihesabu kwa matone hadi rangi ya buluu itoweke, na njia hiyo haijaachwa hata leo ambapo vipo vipimo vya umeme na vya mwanga. Wengine wakafuata, miongoni mwao August Krogh wa Denmark, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1920, na umetaboli wa samaki, yaani jumla ya kazi ya kuunguza na kujenga iendeleayo mwilini mwake, ukawa jambo la kuandikwa kwa tarakimu: miligramu kadhaa za oksijeni, kwa kila kilo ya mwili, kwa kila saa.

Sasa tumtazame samaki wa Magadi. Ni perege mdogo, aghalabu hapiti urefu wa kiganja, aliyepewa jina la kisayansi na Boulenger mwaka 1912. Maji anayoishi yana ukali wa alikali unaokaribia kipimo cha pH 10, na katika baadhi ya vidimbwi vinavyolishwa na chemchemi za moto joto lake hupita nyuzi 40. Mwenye kujua hesabu ya pumzi atatambua mara moja kwamba hapa pana mitihani miwili iliyokutana: joto huifukuza oksijeni majini, na joto hilo hilo huzidisha haja ya mwili, maana kila nyuzi 10 zipandapo, mahitaji ya samaki huzidi aghalabu maradufu na pengine mara tatu. Fauka ya hayo, usiku mwani uliojaa katika vidimbwi hivyo, ambao mchana ulitoa oksijeni kwa wingi hadi maji yakafurika, hugeuka ukaivuta, na kabla ya mapambazuko huwa haikusalia ila kidogo sana. Hapo samaki huyu hupanda juu, akatoa midomo nje ya maji, akagugumia hewa kama sisi. Na John Maina, mwanazuoni wa Kenya ambaye umri wake wote ameutumia katika kuchunguza mapafu na matamvua, ameonyesha kwamba kibofu chake cha hewa kimeumbwa kwa namna ya kuitumikia kazi ya pafu.

Tena liko la ajabu kuliko hilo. Samaki walio wengi hutoa taka ya protini kwa njia nyepesi, ikawatoka matamvuani kama amonia na maji yakaichukua. Lakini maji ya Magadi, kwa ukali wake, huizuia amonia isitoke, na samaki wa kawaida akitiwa humo hufa kwa sumu yake mwenyewe. Mwaka 1989 kundi la wataalamu, ndani yake akiwamo Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, lilitangaza katika jarida la Nature kwamba huyu perege haitoi taka yake kwa amonia hata kidogo, bali huigeuza yote ikawa yurea, kama tufanyavyo sisi wanadamu; na kugeuza huko kuna gharama, ambayo hulipwa kwa pumzi. Kisha mwaka 2016 Chris Wood na wenziwe, Maina akiwa mmoja wao, wakaeleza kwamba wale wa vidimbwi vya moto zaidi huvuta oksijeni kwa kiasi ambacho hakijapata kuandikwa kwa samaki mwingine yeyote, kiasi kinacholingana na cha mnyama anyonyeshaye mwenye uzito kama wake.

Ni hapa ndipo nilipolipata jibu langu la suala la kwanza, walao kwa upande mmoja. Wako watu, nao si wajinga, wasemao kwamba uhai si kitu ghairi ya mwako huo, na kwamba aliyeandika tarakimu yake ameandika yote. Nawauliza: ikiwa samaki wa Magadi na panya mdogo wa shambani wakipimwa huonekana kuwa wamelingana, je, wamekuwa na uhai mmoja? Mmoja ana manyoya na makao yake ni shimo la ardhi, mwingine ana magamba na hubeba mayai yake kinywani. Mmoja huogopa paka, mwingine huogopa mdomo wa ndege. Na hakuna mwenye akili atakayekubali kubadilishana maisha ya mmoja kwa ya mwingine kwa hoja kwamba hesabu imelingana. Tarakimu hutujulisha matumizi ni kiasi gani. Ni nani atumiaye, na kwa ajili ya nini, hayo haiyasemi, wala haikuahidi kuyasema.

Lakini nisionekane kuwa naidunisha. Katika elimu hii mna jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ni la kidini kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, nalo ni kile kiwango cha chini kabisa, ambacho hupatikana samaki anapokuwa hana chakula tumboni, haogelei, hakui, haogopi, yuko gizani ametulia kama asiyekuwapo. Hata hapo hesabu haifiki sifuri. Kuwapo tu, bila ya kutenda lolote, kuna bei, na bei hiyo hulipwa dakika kwa dakika, na siku isipolipwa hatuna kiumbe tena, tuna mzoga. Wanakalamu wa Kiashari, akiwamo Al-Baqillani aliyefariki mwaka 1013, walifundisha kwamba hali za vitu hazidumu kwa nyakati mbili, bali Mwenyezi Mungu huziumba upya katika kila wakati. Na Thomas Aquinas, upande wa Wakristo, alishika kwamba kiumbe hakiendelei kuwapo ila kwa kuhifadhiwa na yule aliyekiumba. Sisemi kwamba chombo cha kioo kimethibitisha itikadi ya Baghdad au ya Paris, maana kufanya hivyo ni kukidhulumu chombo na kuidhulumu itikadi. Nasema kwamba mtu aliyeketi usiku kucha akitazama oksijeni ikipungua kwa sababu ya samaki asiyefanya kitu, ana njia ya kufahamu ambayo msomaji wa vitabu hana, kwamba uhai haukukabidhiwa kwetu mara moja kama shamba la urithi.

Kwa upande wa pili wapo wachamungu wasemao kwamba suala la roho limerejeshwa kwa Mola katika Sura ya 17 ya Kurani, na kwamba kitabu cha Mwanzo kimeiweka pumzi ya mtu wa kwanza katika kinywa cha Mungu mwenyewe, basi mja na aache kupekua. Naiheshimu hofu hiyo, lakini naona imekosea mahali pa kusimama. Mwezi wa Februari 2010 samaki wengi walielea wamekufa katika Ziwa Naivasha, na maneno yakawa mengi, huyu akishutumu dawa za mashamba ya maua na yule akishutumu jingine, hadi maji yalipopimwa na upungufu wa oksijeni ukatajwa kuwa sababu. Asiyejua samaki anahitaji pumzi kiasi gani hawezi kujua alipofariki kwa kuikosa, na mtu aliyeambiwa kuwa yeye ni khalifa katika ardhi, asiyejua haja za raia wake, ameshika cheo kisicho na kazi. Nasi wa Mai Mahiu, ambao alfajiri ya Jumatatu ya tarehe 29 Aprili 2024 tuliyaona maji yaliyokuwa yamejikusanya juu ya tuta la reli upande wa Old Kijabe yakilibomoa na kuwafukia makumi ya majirani zetu katika matope, hatuwezi tena kuzungumza juu ya pumzi kana kwamba ni jambo dogo la mwili lisilostahili kuangaliwa na wenye dini. Waliokufa hawakupungukiwa na imani. Walipungukiwa na hewa ya dakika chache, katika maji yale yale ambayo samaki huyafanya kuwa makao.

Basi ikiwa kupima ni halali, na mimi nasadiki kwamba ni halali na mara nyingine ni wajibu, tulitazame suala la pili, la adabu.

Samaki apimwaye huingizwa katika chombo cha kioo au plastiki kisichopitisha hewa, chenye nafasi ya kumtosha tu, nacho hutumbukizwa ndani ya maji ya joto moja yasiyobadilika. Pampu ndogo huyazungusha maji yaliyomo, kipimo husoma oksijeni, mlango hufungwa kwa dakika kadhaa na kiasi kikashuka taratibu, kisha hufunguliwa, maji safi yakaingia, na kazi ikaanza tena, hivyo hivyo usiku na mchana. Mlango usifungwe sana, kwani samaki akiachwa ayamalize maji yake, kipimo huwa si cha pumzi tena bali ni cha kukosa pumzi. Kadhalika hupimwa chombo kitupu, ili itolewe katika hesabu ile pumzi ya vijidudu visivyoonekana. Yote hayo ni ufundi, na fundi mzuri huyajua kwa mazoea.

Lakini liko sharti moja ambalo si la ufundi peke yake. Saa za mwanzo, baada ya samaki kushikwa na wavu na kutiwa mahali asipopajua, kipimo chake huwa kikubwa kupita kiasi, na mpimaji aliye na haraka akiandika tarakimu hiyo, ameandika hofu akaiita uhai. Yampasa basi asubiri, aghalabu usiku mzima na zaidi. Apunguze mwanga, azuie kelele, asipite mbele ya chombo, aondoe mtikisiko wa hatua za watu. Samaki akishatulia, ndipo ile hesabu ya chini, ambayo ndiyo aliyoifuata, hujitokeza.

Nilipata kuzungumza na kijana mmoja katika kituo cha mafuta hapa kwetu, msafirishaji wa vifaranga vya samaki, ambao hutiwa katika mifuko ya nailoni yenye maji kidogo na oksijeni nyingi iliyofungwa kwa mpira, wakapelekwa kwenye mabwawa ya wafugaji. Nilimwona ameliegesha gari lake kivulini na kuifunika mifuko kwa magunia mabichi, nikamuuliza kwa nini haendi mbio ilhali safari ya Narok bado iko mbele yake.

"Mzee," alinijibu, "samaki akishtuka anakula hewa ya wenzake. Nikikimbiza gari kwenye mashimo, nafika na maiti."

Akanieleza kwamba huwanyima chakula siku nzima kabla ya safari ili matumbo yao yawe matupu, maana shibe huongeza pumzi na uchafu, na kwamba huondoka alfajiri kwa ajili ya baridi. Hakuwa amesoma Winkler wala Krogh, lakini kanuni zao alikuwa nazo mkononi, na ile ya hofu alikuwa nayo kwa ufasaha kuliko wao.

Nimelitafakari neno la kijana huyo, na limenipeleka katika hadithi iliyo mashuhuri kwa Waislamu, ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache atoke akajitafutie. Wanazuoni wameifanya hadithi hiyo kuwa hoja ya haki za wanyama, nao wamesibu. Lakini mimi naona ndani yake mna pia hoja ya elimu. Desturi yetu imekuwa kuifikiri huruma kama pambo linaloongezwa juu ya maarifa, yaani mtaalamu akishajua, ndipo aulizwe kama alikuwa mpole. Na katika elimu nyingine huenda ikawa hivyo, kwa kuwa jiwe halimwogopi mpasuaji wake na nyota haimkimbii mtazamaji. Kwa kiumbe chenye pumzi mambo yamegeuka. Ukali wa mpimaji huingia ndani ya kipimo chenyewe na kukiharibu, na hakuna chombo, kiwe cha thamani namna gani, kiwezacho kuutoa baadaye. Rehema hapa imekuwa mlango ambao asiyepita kwao haingii, na aliyedhani ameingia kwa dirisha amekusanya tarakimu za nyumba nyingine.

Najua nitajibiwa kwamba wako wapimaji wanaomfukuza samaki katika beseni hadi achoke hoi, ili wajue kiwango chake cha juu kabisa, na tarakimu zao ni sahihi. Ni kweli, na kuna faida, kwa maana tofauti baina ya kiwango cha juu na cha chini ndiyo akiba ya samaki, anayoitumia kukua, kuzaa na kumkimbia adui. Na katika zama hizi ambapo maji yanazidi kupata joto, akiba hiyo ndiyo itakayoamua ni nani atakayesalia. Lakini hata huko, aliyefukuza bila ya kutuliza kwanza hana cha kulinganisha. Nusu ya elimu yake imesimama juu ya utulivu aliompa mwenziwe.

Upo mpaka ambao subira haiuvuki. Katika bahari yetu anaishi silikanti, samaki mkubwa wa kale ambaye Wangazija humwita gombessa, na ambaye mmoja alinaswa karibu na Malindi mwaka 2001 na wengine wengi upande wa Tanga tangu mwaka 2003, hata Tanzania ikamtengea hifadhi ya bahari mwaka 2009. Yeye ni kinyume cha perege wa Magadi kwa kila hali: hukaa mapangoni, katika kina cha mita mia na zaidi, kwenye maji ya ubaridi; matamvua yake ni madogo mno kwa mwili wa kadiri ile, ndiyo sababu wataalamu hukisia kwamba pumzi zake ni chache kupita za samaki karibu wote; na uchunguzi wa magamba yake uliotangazwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba aweza kuukaribia umri wa miaka 100 na kubeba mimba kwa takriban miaka mitano. Kumpima kwa chombo ndicho kingalikuwa kipimo cha thamani kuliko vyote. Lakini apandishwapo juu, kwenye maji ya uvuguvugu ambayo damu yake haikuumbiwa, hufa katika muda wa saa chache, na pumzi zake za saa hizo ni pumzi za kukata roho. Hans Fricke, ambaye kundi lake lilikuwa la kwanza kumtazama hai makwao, mwaka 1987 huko Ngazidja, alishuka kwa chombo cha kuzamia, akamwangalia jinsi alivyokuwa akielea polepole bila ya kutikisa kitu kisichokuwa na haja, akaridhika na kukisia.

Mimi naona alifanya vyema, na naona mahali pa silikanti katika majedwali ya pumzi pakae patupu mpaka atokee mtu mwenye njia ya kumpima pale pale pangoni mwake bila ya kumgusa. Na kwa kuwa wengi wao hufa katika jarife zitegwazo kwa ajili ya papa, si mikononi mwa wataalamu, haki ya kwanza kudaiwa huko Tanga ni kwamba nyavu hizo zisishushwe hadi kina wanachokaa, na mvuvi atakayeacha kuzishusha apewe njia nyingine ya kuilisha nyumba yake.